Hodi kwa Wasioitika

Mtu afikapo mlangoni pa nyumba isiyo yake hupiga hodi, kisha husubiri. Kusubiri ndiko adabu yenyewe, maana hodi isiyofuatwa na kusubiri ni kelele tu. Mwenye nyumba aweza kusema karibu. Aweza kusema ngoja kidogo. Aweza pia kunyamaza, na baada ya hodi ya tatu mgeni mwenye haya hurudi alikotoka bila ya kinyongo. Sheria hii haikuandikwa katika kitabu cha serikali yo yote, lakini nguvu yake katika miji ya pwani hushinda nguvu ya sheria nyingi zilizoandikwa. Msingi wake ni kwamba mwenyeji anayo haki ya kukataa. Haki hiyo ikiondolewa, hapana mgeni tena wala mwenyeji. Pana mwenye kuingia na mwenye kuingiliwa.

Sasa ipo mitaa mizima ambayo wakazi wake hawaitikii hodi, nayo hupata wageni wengi kuliko masoko. Mava ya Père-Lachaise katika mji wa Paris, yenye eneo la hekta 44 hivi, hutembelewa kila mwaka na watu zaidi ya milioni tatu, na walio wengi kati yao hawana ndugu aliyezikwa humo. Huja na ramani mkononi, huwatafuta mashuhuri mmoja baada ya mmoja, hupiga picha, hupumzika kivulini, huenda zao. Je, wana haki ya kuwapo? Swali hili huonekana jepesi mpaka mtu ajaribu kulijibu.

Wako wanaojibu upesi kwamba kaburi si mahali pa matembezi, na kwamba furaha ya mtalii ni dharau kwa maiti. Jibu hilo lina heshima, lakini historia hailikubali. Kwa karne nyingi wafu wa Paris walizikwa katikati ya mji, wakirundikwa katika mashimo kando ya makanisa, hata majirani wakashindwa kuvumilia harufu. Uwanja mkubwa kuliko yote, ulioitwa wa Innocents, ulifungwa mwaka 1780, na tangu mwaka 1786 mifupa ya viwanja kama huo ikahamishiwa katika machimbo ya mawe chini ya ardhi, ambako leo yakadiriwa kuwa yamo mabaki ya watu milioni sita. Huko nako watu hukata tikiti. Mwaka 1804 mava mapya yakafunguliwa juu ya kilima nje ya mji, mahali palipochukua jina la padre aliyekuwa akimwungamisha mfalme Louis wa 14. Wenyeji hawakupapenda. Palikuwa mbali, na mwaka ule wa kwanza walizikwa humo watu 13 tu. Ndipo wakuu wa mji walipotumia akili ya wafanya biashara. Mwaka 1817 walihamishia huko mabaki yaliyosemwa kuwa ya Molière, mtunga michezo ya kuigiza, na ya La Fontaine, mtunga hekaya, pamoja na ya Héloïse na Abélard, wapenzi wa karne ya 12. Kama mifupa ile ilikuwa ya Molière kweli, wanahistoria wana shaka nalo. Ila kwa kazi iliyokusudiwa ukweli wake haukuwa na haja. Matajiri waliona fahari kulala jirani na watu kama hao, na ilipofika mwaka 1830 makaburi yalikuwa yamezidi 33,000.

Kwa hiyo mgeni hakuja kuyaharibu mava yale. Tangu mwanzo yalimngoja yeye. Aliyenunua kiwanja kando ya njia kuu, akajengewa nguzo na malaika wa marumaru, na jina lake likachorwa kwa dhahabu, alinunua kutazamwa. Kaburi la namna hiyo ni neno karibu lililochongwa katika jiwe, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kuliitikia. Lakini hoja hii isivutwe kuliko urefu wake. Mtu aliyekubali kutazamwa hakukubali kila namna ya kutazamwa, kama vile anayewakaribisha watu harusini asivyowakaribisha kufungua makasha yake. Tena si kila aliyelala humo alichagua mahali pake au jiwe lake. Wengine walichaguliwa na wengine.

Mmoja wao ni Victor Noir. Tarehe 10 Januari 1870 kijana huyu mwandishi wa gazeti, mwenye umri wa miaka 21, alifika nyumbani kwa Pierre Bonaparte, binamu wa mfalme, kupeleka ujumbe wa mwenzake. Yeye mwenyewe hakuwa na ugomvi na mwenye nyumba. Alipigwa risasi akafa. Mahakama ilimwachilia muuaji. Lakini watu zaidi ya 100,000 walikuwa wamekwisha kusimama katika mazishi ya kijana yule, na hasira yao iliutikisa utawala ambao haukumaliza mwaka. Mwaka 1891 mwili wake uliletwa Père-Lachaise, na fundi Jules Dalou akamsubia sanamu ya shaba nyeusi inayomwonyesha kama alivyoanguka: chali, midomo imefunuka, kofia imemtoka na kulala ubavuni. Ilikuwa kazi ya kushuhudia dhuluma. Hapo ndipo wafu wasio na ulinzi walivyo. Baadaye ukatokea uvumi kwamba mwanamke akiibusu sanamu ile na kuipapasa mahali fulani pa suruali atapata mume, au atapata mtoto. Leo shaba yote imefifia kwa mvua isipokuwa midomo, ncha za viatu na mahali pale, ambapo hung'aa kama kitasa cha mlango. Mwaka 2004 wakubwa wa mava waliizungushia uzio. Watu wakapiga kelele, nao uzio ukaondolewa.

Hapana haja ya kuwacheka wenye kutafuta watoto. Haja yao ni ya kweli, na walimwengu wameomba kwenye mawe tangu kale. Jambo la kufikiriwa ni jingine. Kijana aliyekuwa hoja dhidi ya jeuri ya wakubwa amekuwa kichekesho cha safari. Maelfu wanaomshika hawajui aliuawa na nani. Jiwe lake lipo, mwili wake upo, kilichoibiwa ni maana ya kifo chake, na wizi huo hauonekani kwa macho wala hauna polisi wa kuufuata.

Mwenye fikra kavu atauliza: ameumizwa nani? Maiti hasikii. Asiyesikia haumizwi, na asiyeumizwa hakudhulumiwa. Hoja hii ni fupi na nzuri, na yaelekea kumaliza maneno, mpaka itazamwe namna watu wanavyoishi na wafu wao. Mtu akifa katika miji ya Waislamu wa pwani, jamaa husimama mbele ya waliohudhuria mazishi wakatangaza kwamba kila anayemdai marehemu ajitokeze alipwe, au asamehe. Hawasemi kwamba deni limekufa pamoja naye. Wasia wake hufunga mikono ya walio hai, na anayeuvunja husemwa kuwa amemkosea marehemu, si warithi peke yao. Ikiwa mtu aliyekwisha kuzikwa aweza kudaiwa, kwa nini asiweze kudai? Haiwezekani kumweka katika daftari upande wa madeni yake na kumfuta upande wa haki zake. Maiti hasikii, ni kweli. Hata mtoto mchanga hajui kwamba ana urithi, na hakuna anayesema kwamba kumla urithi wake si dhuluma.

Basi ikiwa haki ipo na mwenyewe hawezi kuidai, yampasa mwingine aishike kwa niaba yake. Nani? Jamaa zake huweza, lakini jamaa nao hufa, na baada ya vizazi vitatu hapana ajuaye njia ya kaburi. Serikali ya mji huweza, lakini serikali ina hesabu zake. Huko New Orleans, Marekani, mava ya St. Louis Nambari 1 yalianzishwa mwaka 1789, na humo lipo kaburi lisemwalo kuwa la Marie Laveau, mwanamke aliyesifiwa kwa uganga, aliyefariki mwaka 1881. Wageni walikuwa na mazoea ya kuchora alama tatu juu ya kaburi hilo kwa kuombea haja zao, wakatumia hata vipande vya matofali vilivyovunjwa katika makaburi ya jirani. Mwezi wa Desemba 2013 mtu mmoja alilipaka lote rangi ya waridi. Tangu Machi 2015 Kanisa lenye mava hayo limekataza kuingia mtalii asiye na kiongozi mwenye kibali, na wenye jamaa waliozikwa humo hupewa ruhusa yao. Hapa angalau pana mtu aliyeitikia hodi kwa niaba ya wasioweza. Kuna walionung'unika kwamba biashara imeingia, kwa kuwa viongozi hulipwa. Manung'uniko hayo si ya bure, lakini kuta zimepumzika.

Habari ya London huyafanya mambo kuwa magumu zaidi. Mava ya Highgate yalifunguliwa mwaka 1839, yakatajirisha kampuni iliyoyaanzisha, na viwanja vilipokwisha kuuzwa fedha ikakauka. Magugu na miti ikafunika makaburi, wavunjaji wakaingia kuvunja majeneza. Mwaka 1975 wakazi wapenda mahali hapo waliunda chama cha kuyatunza, na hata leo kazi ya kufyeka, kujenga upya na kulinda hutegemea kwa sehemu kubwa ada ya wageni. Yaani wafu wa Highgate hulindwa na fedha ya watu wale wale wanaoambiwa kwamba ni wasumbufu. (Wengi hulipa ada hiyo ili wamwone Karl Marx, aliyezikwa huko mwaka 1883, mwenyewe angekuwa na maneno ya kusema.) Anayetaka watalii wafukuzwe kabisa hana budi kueleza ni nani atakayelipa mshahara wa mfyekaji.

Haitoshi, basi, kutafuta mlinzi wa nje. Mlinzi husimama mlangoni. Ndani ya mava mgeni yuko peke yake na mwenyeji asiyesema. Hapo ndipo desturi ya hodi hufika mwisho wa uwezo wake wa kawaida na kudai jambo lisilo la kawaida: mgeni awe mwenyeji pia. Ajiulize yale ambayo mwenye nyumba angeyauliza, na ajikatalie yale ambayo mwenye nyumba angeyakataa. Ni kazi ngumu, kwa sababu kila mtu ni mwepesi wa kujikaribisha.

Ugumu wake huonekana zaidi kwa wageni wenye mapenzi kuliko kwa wenye dharau. Mwandishi Oscar Wilde alifariki Paris mwaka 1900, maskini na mwenye kuaibishwa. Mwili wake uliletwa Père-Lachaise mwaka 1909, na baadaye ukafunikwa kwa jiwe kubwa lenye kiumbe wa mabawa aliyechongwa na Jacob Epstein. Miaka mingi baadaye wasomaji wake walianza kulibusu jiwe hilo kwa midomo iliyopakwa rangi. Kila busu ilikuwa ya kweli, na kila busu iliacha mafuta yaliyopenya ndani ya jiwe, na kila usafishaji uliondoa sehemu ya uso wa jiwe lenyewe. Mwaka 2011 ilibidi kusimamisha ukuta wa kioo. Watu waliokuja kumfariji mtu aliyenyimwa mapenzi walikuwa wakimla kidogo kidogo. Hawakukosa moyo, walikosa kuuliza.

Na majirani je? Jim Morrison, mwimbaji wa Kimarekani, alifariki mwaka 1971 akiwa na umri wa miaka 27, akazikwa katikati ya familia za Kifaransa zisizojulikana na mtu. Kwa miaka mingi wapenzi wa nyimbo zake walichora mishale juu ya makaburi ya watu hao ili kuonyeshana njia, wakakalia mawe yao, wakamwaga pombe. Bibi aliyelala hapo tangu karne iliyopita hakuwa mashuhuri, hakununua sifa, hakumwalika mtu. Jiwe lake likawa kibao cha njia. Labda huu ndio mtihani ulio wazi kuliko yote. Heshima kwa mashuhuri ni rahisi kwa sababu yeye humlipa mgeni kwa picha na simulizi. Adabu ya mgeni hupimwa kwa kaburi la tatu kushoto, ambalo hakulijia.

Wala mambo haya si ya ng'ambo peke yake. Makaburi ya nguzo ya pwani, kama yale ya Kaole karibu na Bagamoyo, ya Kunduchi, na ya Malindi kando ya msikiti wa Ijumaa, yalipambwa zamani kwa bakuli na sahani za kaure kutoka Uchina, zilizozamishwa katika chokaa. Vyombo vingi havipo tena. Vimebaki vishimo vya duara, kama macho yaliyong'olewa. Waliovichukua hawakuwa wa namna moja wala wa zama moja, na yumkini kila mmoja alikuwa na sababu iliyomtosha.

Lugha ya Kiswahili ina maneno mawili ambayo hufaa kutenganishwa hapa. Mtu hutalii mji, lakini huzuru kaburi. Ziara ya makaburi ina adabu zake zijulikanazo: mwenye kuzuru huwasalimu wafu kwanza, huwaombea, ndipo hujifikiria mwenyewe. Katika mafundisho ya Uislamu yasimuliwa kwamba Mtume aliikataza ziara hiyo hapo mwanzo, kisha akairuhusu kwa sababu huwakumbusha watu Akhera. Mwenye kupinga aweza kusema kwamba hata huyu mzuru anawatumia wafu, kwa kuwa amekuja kutafuta mawaidha ya nafsi yake kama mwenzake alivyokuja kutafuta picha. Upinzani huo una nguvu, ila husahau utaratibu. Mzuru hutoa kabla ya kupokea. Salamu na dua hutangulia, na hata asipopata mawaidha yo yote siku hiyo, marehemu amekwisha kupata haki yake. Mtalii mara nyingi hana dini ya mahali pale, wala haimpasi kuigiza ibada asiyoiamini. Kuigiza kungekuwa dharau ya pili. Lakini aweza kutoa alicho nacho: aweza kusoma jina lote na si mwaka tu, aweza kujua, kabla ya kushika shaba, kwamba kijana huyu aliuawa.

Kuna wafu ambao ziara ya wageni ndiyo haki yao iliyosalia. Kwenye pembe ya mashariki ya Père-Lachaise upo ukuta usio na marumaru. Tarehe 28 Mei 1871, siku ya mwisho ya uasi wa mafukara wa Paris, wapiganaji 147 walipangwa mbele ya ukuta huo wakapigwa risasi, na miili yao ikatupwa katika handaki chini yake. Hawakuchagua mahali, hawakununua kiwanja, na jamaa zao walitishwa wasilie. Lau mava yangekuwa ya jamaa peke yao, handaki lile lingesahauliwa upesi. Watu wasio ndugu zao ndio waliokwenda mwaka baada ya mwaka, wakasimama. Anayesema kwamba mgeni hana haki kaburini huwafukuza hawa pia.

Na hata neno mgeni halina mipaka iliyonyooka. Katika mava ya Ohlsdorf mjini Hamburg, yaliyofunguliwa mwaka 1877 na yenye ukubwa wa hekta 389, amezikwa Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja. Aliondoka kwao mwaka 1866, akabatizwa, akaitwa Emily Ruete, akafiwa na mumewe Mjerumani mwaka 1870, akaandika habari za maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1886, akafariki Jena mwaka 1924. Yasimuliwa kwamba alizikwa pamoja na mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, aliokuwa ameuhifadhi. Mswahili apitaye Hamburg na kumtafuta katika bustani ile kubwa ni mtalii, maana alikwenda huko kwa haja nyingine na amebakiwa na saa tatu kabla ya gari la moshi. Je, ni mtalii tu? Mchanga ule aujua.

Habari za Salme zina upande mwingine usiofichika. Uwanja mmoja wa Hamburg ulipewa jina lake mwaka 2019, kisha jina likaondolewa, kwa sababu watu walikumbusha kwamba katika kitabu chake aliutetea utumwa. Uamuzi ule ulikuwa wa haki: jina la uwanja ni sifa, na mji una haki ya kuchagua unaowasifu. Kaburi lakini halikuguswa, nalo lilikuwa haki vile vile, kwa kuwa kaburi halisifu. Husema tu kwamba huyu alikuwapo. Anayelizuru halazimiki kuyasamehe yaliyoandikwa, wala kusahau kwamba watumwa wa nyumba alimokulia hawana jiwe ambalo mtalii angeweza kulitafuta kwa ramani. Aweza kusimama mbele ya jina moja akawafikiria wale wasio na jina, na pengine hapo ndipo atakapokuwa amezuru zaidi kuliko alivyokusudia.

Imesahauliwa na wageni wengi kwamba Père-Lachaise bado huzika. Mtalii aliyeshika ramani, akitoka kwa Chopin kwenda kwa Wilde, huweza kukuta njia imezibwa na gari jeusi na watu kumi au kumi na wawili nyuma yake, na mwanamke aliyeshikwa mkono. Ni wafu wale wale, isipokuwa huyu amefariki juzi. Katika mitaa ya Lamu au ya Unguja jeneza likipita, mwenye duka huacha mizani, na mpita njia asiyemjua marehemu huingiza bega chini ya jeneza akalichukua hatua chache, kisha humwachia mwingine. Haulizi ni nani. Huko Paris hakuna atakayempa mtalii sehemu ya kubeba. Aweza kuishusha simu yake, kuiweka mfukoni, na kusimama kando ya njia mpaka gari lipite.